Kujenga Reli ya Bububu Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelekezo mengi ya reli za mfano, yaani treni na njia zake zilizopunguzwa ili zikae nyumbani, yameandikwa kwa nchi za baridi, ambako shida kubwa ya mjenzi ni nafasi. Unguja na Pemba shida ya kwanza ni unyevu, ya pili ni chumvi ya bahari, na nafasi inakuja ya tatu. Karibu kila kosa linaloelezwa hapa chini linarudi kwenye hayo mawili ya mwanzo, kwa hiyo majibu yamepangwa kufuata hali ya hewa yetu.

Hivi kweli Zanzibar iliwahi kuwa na treni?

Ndiyo, tena reli mbili. Ya kwanza ni ya Sayyid Barghash, iliyoanza mwaka 1879 kutoka mjini kuelekea kasri lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kichwa cha mvuke kikaja baadaye. Ya pili, ndiyo hii wengi wanayotaka kuijenga, ilitandikwa mwaka 1904 na 1905 na kampuni ya Arnold Cheney ya New York. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapenya Malindi, ikaenda hadi Bububu, maili 7 kwa jumla. Upana kati ya reli na reli ulikuwa futi 3, yaani milimita 914. Serikali iliinunua mwaka 1911, na katika miaka ya 1920 abiria wakahamia kwenye magari ya barabarani.

Kwa mjenzi wa nyumbani hii ni zawadi. Njia ilikuwa moja tu, treni fupi, vichwa vidogo vinavyopinda kwenye kona kali, mji upande mmoja na minazi na mikarafuu upande wa pili. Reli kubwa ya bara ingehitaji ukumbi. Hii inakaa ukutani.

Jina la Bububu limetokana na mlio wa treni?

Hapana. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliishi Bububu katika miaka ya 1860, na mahali pakiitwa hivyohivyo. Treni ilikuja miaka arobaini baadaye.

Nichague uwiano gani?

Uwiano ni idadi ya mara ambazo kitu kimepunguzwa. Zinazopatikana kwa urahisi ni 1:87, yenye reli ya upana wa milimita 16.5, na 1:160, yenye reli ya milimita 9. Kwenye 1:87 mtu wa kimo cha mita 1.70 anakuwa na milimita 19 na nusu. Kwenye 1:160 anakuwa na milimita 10 na ushei, na kanzu yake ni doa la rangi nyeupe tu.

Kwa Bububu kuna hesabu ya kufanya kabla ya kununua chochote. Reli ya milimita 16.5 kwenye 1:87 inawakilisha reli pana ya milimita 1435, ambayo hapa haikuwepo. Upana wa futi 3 kwenye 1:87 ni milimita 10.5. Reli na vichwa vya kipimo hicho vipo, lakini ni vichache na ghali. Kwa hiyo una njia tatu:

Kwanza, tumia reli ya milimita 9 pamoja na majengo na watu wa 1:87. Reli itakuwa nyembamba kidogo kuliko ilivyostahili (milimita 9 mara 87 ni milimita 783), na ukiitazama kwa mbali hutaona tofauti. Vichwa vya aina hii vinauzwa sana Ulaya kwa jina la HOe.

Pili, tumia reli ya milimita 16.5 lakini majengo uyajenge mwenyewe kwa 1:55. Zidisha 16.5 kwa 55, utapata milimita 907, pungufu ya milimita 7 tu kufika ile 914 yenyewe. Mtu anakuwa na milimita 31, mlango wa kuchongwa unaonekana nakshi zake, na magurudumu na injini unavitoa kwenye treni ya kawaida ya 1:87. Kazi yake ni kwamba bodi la kichwa na mabehewa utayaunda mwenyewe.

Tatu, kubali upana usio sahihi, nunua seti ya kawaida ya 1:87, ujifunze nayo.

Ushauri wetu kwa anayeanza ni njia ya kwanza. Kwa aliyekwisha kujenga meza moja na anayependa Mji Mkongwe kuliko treni, ya pili haina mpinzani.

Naweza kuijenga njia nzima, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu?

Maili 7 ni kilomita 11 na robo hivi. Kwenye 1:87 hizo ni mita 129, ndefu kuliko uwanja wa mpira. Kwa hiyo utachagua. Matukio matatu yanatosha: kituo cha mjini chini ya ukuta wa Ngome, kipande cha barabara nyembamba ya Malindi, na mwisho wa njia Bububu. Baina yake weka minazi mita moja hadi moja na nusu, ili jicho lipate safari kabla ya kufika.

Chumba changu ni chembamba. Meza ikae wapi?

Vyumba vya nyumba za zamani za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hadi tatu na nusu. Chumba cha namna hiyo hakitaki meza katikati. Kinataka rafu ndefu kwenye ukuta mmoja, yenye upana wa sentimita 40.

Plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 (sentimita 122 kwa 244) ukiipasua kwa urefu mara tatu inatoa vipande vitatu vya sentimita 40, jumla mita 7.3 za rafu. Kata kila kipande katikati upate sehemu sita za sentimita 122. Sehemu ya urefu huo inabebwa na mtu mmoja, inapita mlangoni, na inaingia kwenye daladala kama nauli ya mzigo imelipwa.

Usiifunge rafu kwenye ukuta wa mawe na chokaa. Skrubu haishiki vizuri kwenye chokaa, na ukuta wenyewe unapandisha maji kutoka chini. Isimamishe kwa miguu yake ya mbao 2 kwa 2, ukiacha sentimita 5 nyuma ili hewa ipite. Kimo cha sentimita 110 hadi 130 kinafaa: macho yanakaribia usawa wa treni, na panya wanapata shida kupanda. Popote mkono unapotakiwa kufika, usizidishe sentimita 75.

Mwenye nyumba ya matofali na chumba kipana anaweza kutumia plaiwudi nzima. Kwa 1:87 ya reli pana, kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 50 inakaa vizuri ndani ya sentimita 122 na kubakisha sentimita 11 kila upande. Lakini meza hiyo inahitaji nafasi ya kupita pande zote mbili, au magurudumu ya kuivutia nje. Kwa 1:160 kuna njia ya mkato nzuri sana: mlango wa plaiwudi ulio mtupu ndani, wa sentimita 80 kwa 200. Ni mwepesi, umenyooka, na fremu yake imeshapigwa.

Fremu naijengaje ili isipinde?

Hapa ndipo meza nyingi zinapokufa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwa sehemu moja ya sentimita 122 kwa 40 unahitaji mbao ya inchi 1 kwa 3 iliyopigwa randa: vipande viwili vya sentimita 122 na vinne vya sentimita 36. Kwa nini 36? Mbao ya inchi moja ikipita kwenye randa inabaki na milimita 20. Mbili zikikaa nje zinachukua sentimita 4. Pima mbao yako mwenyewe kabla ya kukata, maana randa za mafundi hazilingani. Vile vipande vinne vikae kwa nafasi ya sentimita 40 hivi. Juu weka plaiwudi ya milimita 9 au 12.

Mbao inunuliwe mapema, ipangwe ndani ya chumba kilekile itakamotumika, vipande vikitenganishwa kwa vijiti, wiki mbili hadi tatu. Mbao iliyotoka kuloa ukiipiga skrubu leo, kiangazi kikiingia inajikunja na kuivuta plaiwudi pamoja nayo.

Kisha vanishi. Watu hupaka juu tu, kwa kuwa ndiko kunakoonekana. Upande wa chini ukibaki mtupu, plaiwudi inanyonya unyevu kwa chini, inavimba upande mmoja, na meza inajikunja kama kipande cha papa kilichoanikwa. Paka pande zote mbili na kingo zote nne, mara mbili, na kwenye kingo mara tatu, kwa sababu huko ndiko nyuzi zinakokunywa maji haraka zaidi. Tundu utakalotoboa baadaye kwa ajili ya waya nalo lipakwe ndani kwa kijiti.

Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, inchi moja na nusu. Zile nyeusi za kufungia jipsamu ni za bei nafuu na zinaingia vizuri, lakini kwenye hewa ya bahari zinaoza na kukatikia ndani. Na kabla ya vanishi, mbao ipakwe dawa ya mchwa na iachwe ikauke kabisa. Miguu ikae juu ya vikopo vidogo au vigae, isiguse sakafu.

Reli naitandika vipi?

Nunua reli ya kupinda, inayouzwa kwa vipande vya milimita 914. Ni yadi moja ya Kiingereza. Na kwa sadfa ya kupendeza ni upana uleule wa njia ya Bububu. Ukikishika kipande kimoja mkononi, unajua gurudumu moja la treni ile lilikuwa mbali namna gani na mwenzake.

Hakikisha chuma chake ni nikeli-silva (mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki). Shaba ya njano ni rahisi, lakini kutu yake haipitishi umeme, na hapa inaota kwa siku chache.

Chini ya reli weka sponji ngumu ya milimita 2, ile ya karatasi za ufundi kwenye maduka ya vifaa vya skuli, tabaka mbili. Inazuia mlio wa plaiwudi na inaipa njia tuta dogo. Chora mstari wa katikati kwa penseli, bandika sponji, kisha reli kwa gundi nyeupe nyembamba, ikishikwa na pini hadi asubuhi. Pointi, yaani pale njia inapogawanyika, usizipake gundi hata kidogo: zishike kwa pini tu, kwa sababu ipo siku utazing'oa kuzisafisha.

Kwenye kona, viungio viwili vya reli visikutane. Reli ya ndani inabaki ndefu kuliko ya nje, na watu hukata zote sawa. Matokeo yake kona inatoa pembe kali pale kiungo kilipo, na kichwa kinatoka njiani hapohapo kila mara. Lehemu vipande viwili vikiwa vimenyooka, kisha uvipinde pamoja.

Niache mwanya kiasi gani kati ya reli na reli?

Milimita moja kwa kila vipande viwili, ukitandika wakati wa kipupwe. Nusu ya hapo ukitandika kwenye joto la Februari.

Wengi hudhani joto ndilo linalosukuma reli. Nikeli-silva ya mita moja, joto likipanda nyuzi 15, inarefuka robo ya milimita tu. Kinachosogea kwa kiasi kikubwa ni mbao. Masika yakiingia plaiwudi inavimba, kiangazi inasinyaa, na reli iliyobanwa bila mwanya inajikunja kama nyoka au inachomoka kwenye mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyoishika kwa chini. Ndiyo maana vanishi ya upande wa chini ina faida kubwa kuliko mwanya wowote.

Umeme: nitumie mfumo wa kawaida au wa dijitali?

Kwa treni moja kwenye njia moja, mfumo wa kawaida wa volti 12 unatosha kabisa, na reli ya Bububu haikuhitaji zaidi. Dijitali inafaa ukitaka vichwa viwili viende kwa kasi tofauti kwenye njia ileile, au mlio wa mvuke kutoka ndani ya kichwa.

Kwa mfumo wowote, usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme. Vikishika chumvi vinakufa kimoja kimoja, na kukitafuta kile kibovu ni kazi ya siku nzima. Pitisha waya mkuu wa jozi chini ya meza, mwekundu na mweusi, wa milimita 1.5 za mraba hadi mita 6, na wa 2.5 ukizidi hapo. Kutoka kwenye huo, kila kipande cha reli kipate matawi yake mawili ya waya wa milimita 0.5 za mraba, yasiyozidi sentimita 20. Lehemu tawi kwenye upande wa nje wa reli, chini, ambako gurudumu halifiki.

Kulehemu kwake: sugua mahali kwa kibanzi mpaka pang'ae, paka ncha ya waya risasi kwanza, kisha bana waya kwenye reli kwa chuma cha kulehemu sekunde mbili. Ukikaa sekunde tano mataruma ya plastiki yanayeyuka na reli inapanuka. Kitambaa kilicholoa, kikiwekwa juu ya reli kila upande wa hapo, kinakula joto.

Ukimaliza, weka sarafu juu ya reli zote mbili, mahali baada ya mahali. Mashine ya dijitali ikate umeme kila mara. Pasipokata, waya wa hapo ni mwembamba au haujashika.

Seti yangu imetoka Marekani au Japani. Nichomeke tu?

Usichomeke. Umeme wetu ni volti 230. Mashine za Marekani nyingi ni za volti 120 na za Japani ni za 100. Soma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa 100–240V, ni salama, badilisha plagi tu iwe ya pini tatu. La sivyo tafuta transfoma ya kushusha. Na kwa kuwa umeme hupanda na kushuka, pitisha kila kitu kwenye friji gadi. Waya wa volti 230 uishie ukutani. Chini ya meza pasiende chochote zaidi ya volti 16.

Treni inasimamasimama na taa zinamwekamweka. Kwa nini?

Mara tisa kati ya kumi ni uchafu. Chumvi na mvuke wa jikoni hukaa juu ya reli na kufanya utando mweusi, na gurudumu likipita cheche ndogo inauoka zaidi.

Pitisha kitambaa cha pamba kilichotiwa mafuta ya taa kidogo sana, kisha kitambaa kikavu. Alkoholi ya isopropili ya duka la dawa nayo inafaa, ila inakauka haraka na utando unarudi upesi. Fungua madirisha, na usiwashe treni mpaka harufu iishe. Usitumie msasa. Unang'arisha leo, lakini mikwaruzo yake inakuwa nyumba ya uchafu na kesho ni mbaya kuliko jana. Kifutio kigumu cha skuli kinatosha kwa madoa sugu.

Usisahau magurudumu. Tandaza kitambaa kikavu cha pamba juu ya reli, magurudumu ya mbele yakae juu yake na ya nyuma yaguse reli zenye umeme, uyaache yazunguke sekunde kumi, kisha ugeuze.

Ikiwa inasimama palepale tu juu ya pointi, kagua mguso wa ulimi wa pointi, kisha pima nafasi ya ndani kati ya magurudumu: kwa reli ya milimita 16.5 iwe karibu milimita 14.4.

Kokoto za njia nizitoe wapi? Mchanga wa pwani unafaa?

Haufai kama ulivyo. Una chumvi, na chumvi inanyonya maji hewani na kula reli kuanzia chini. Mchanga uliobaki kwenye ujenzi ni bora. Uoshe maji baridi mara nne, uanike, uuchekeche kwa chujio la chai, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni: chembe za chuma zikiingia kwenye injini zinaimaliza.

Mwaga kidogo kati ya mataruma, tandaza kwa brashi laini, usifunike mataruma. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka paloe. Kisha dondosha gundi nyeupe, sehemu moja kwa sehemu mbili au tatu za maji, kwa bomba la sindano. Bila kulowesha kwanza, gundi inajikusanya kama shanga na kuacha mashimo.

Kazi hii ifanye kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Ukiifanya masika gundi inakaa siku nne haijakauka, na siku ya tano ina ukungu wa kijani.

Minazi inatengenezwaje?

Mnazi wa mita 20 kwenye 1:87 ni sentimita 23. Yote ikiwa na urefu huo, meza inaonekana ndogo. Changanya: michache ya 20, mingi ya 14 hadi 17, na michanga ya 6 ambayo makuti yake yanaanzia chini.

Shina: waya wa shaba wa nyumba, wa milimita 1.5 za mraba, uondolewe ngozi. Usiunyooshe. Mnazi una mpindo mmoja mrefu, hasa ule unaoelekea baharini. Uzungushe uzi wa kushonea, tabaka nyingi chini hadi unene wa milimita 4, ukipungua hadi 2 na nusu juu. Paka gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno, na kabla haijakauka zungusha kisu upate makovu ya makuti yaliyoanguka, milimita moja na nusu kati ya kovu na kovu. Rangi yake ni kijivu chenye weupe, kama jivu. Kosa la kawaida ni kupaka kahawia.

Makuti: karatasi ya kuandikia, ipakwe kijani pande zote mbili kabla ya kukatwa. Kata majani ya urefu wa sentimita 5 na upana wa milimita 12, yaliyochongoka pande zote. Kunja katikati kwa urefu. Kisha kwa mkasi mkali chana kingo kwa mshazari kuelekea nchani, kila milimita moja, ukiacha uti wa katikati. Kila mnazi upate makuti 14 hadi 16: matatu au manne yasimame, sita yalale, yaliyobaki yainame, na moja au mawili ya chini yawe makavu rangi ya udongo yakining'inia karibu na shina. Hayo makavu ndiyo yanayoufanya mnazi uonekane wa kweli. Nazi ni shanga za milimita 2 au 3, saba hadi kumi, kijani na njano.

Wengine hutaka kutumia machicha au mbegu za mtama. Sisimizi watakushukuru, acha.

Na mikarafuu?

Mkarafuu wa mita 10 ni sentimita 11 na nusu. Umbo lake ni kama ncha ya mkuki, na majani huanzia karibu na ardhi. Tengeneza mti wa waya zilizosokotwa, vuta usumba wa nazi uwe mwepesi kama pamba, uuvishe, upulizie gundi, kisha uuviringishe kwenye unga wa msumeno uliotiwa rangi ya kijani iliyokoza. Kwenye ncha za juu gusa brashi yenye rangi ya waridi iliyofifia, kwa kuwa majani machanga ya mkarafuu hutoka hivyo. Ipande kwa safu zilizonyooka. Mbele ya nyumba weka majamvi ya vitambaa vya milimita 23 kwa 35, na juu yake chembe za rangi ya kahawia nyekundu hadi nyeusi: karafuu zimeanikwa. Anayependa kujenga njia ya kubuni ya Pemba, baina ya Wete na Chake Chake, atumie vilima kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na asizidi hapo. Treni ndogo ikivuta mabehewa manne itateleza.

Nyumba za Mji Mkongwe nazijengaje?

Nyumba ya mita 12 ni milimita 138. Kata kuta kwa kadibodi ya milimita 3, mbili zikibandikwa pamoja, kwa sababu kuta za mawe ni nene na unene unaonekana dirishani. Paka uji wa gundi nyeupe na simiti nyeupe kwa brashi ngumu, ukigongagonga, uso usiwe laini. Kona zisiwe kali.

Ukishapaka rangi ya chokaa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Angalia ukuta wowote wa mjini. Chini, sentimita moja ya kwanza kwenye mfano wako, pana kijani na kijivu cha unyevu unaopanda. Chini ya kila dirisha na kila mfereji wa bati kuna michirizi myeusi. Hapa na pale lipu imebanduka na mawe ya matumbawe yanaonekana, yenye rangi ya tui lililochafuka. Tumia rangi ya maji nyembamba sana, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke.

Mlango wa kuchongwa pamoja na fremu, wa mita 3, ni milimita 34. Bandika karatasi nene tabaka kwa tabaka: ubao, mabawa mawili, mhimili wa katikati, kisha kizingiti cha juu. Misumari ya shaba ni matone ya rangi ya dhahabu kwa ncha ya pini. Kichochoro kiwe na milimita 25 hadi 35, na treni ipite karibu na barza kiasi cha kumfanya mtazamaji avute pumzi.

Mwaka 1905 ni vitu gani havikuwepo?

Bustani ya Forodhani ilitengenezwa miaka ya 1930, kwa hiyo usiiweke. Jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja ni la 1925. Soko la Darajani lilikuwa jipya, lilifunguliwa 1904. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilikuwepo, na mnara wa saa ukiwa umeshaungana na uso wa jumba. Zamani mnara ulisimama peke yake mbele, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Anayejenga reli ya Barghash auweke mnara kando. Anayejenga Bububu auunganishe. Hori la Darajani nalo lilikuwa bado lina maji, likitenganisha mji na Ng'ambo.

Bahari?

Paka ubao rangi kwanza: mchanga ufukweni, kijani cha maji ya kina kifupi, kisha buluu iliyokoza, bila mstari wa kutenganisha. Juu yake vanishi ya maji inayong'aa, tabaka sita nyembamba, siku moja kati ya tabaka na tabaka. Tabaka nene hubaki jeupe katikati.

Taa za nyumba?

LED ya mwanga wa njano, kinzani ya omu 1000 kwa kila moja, volti 12. Inakula miliampea 9 hivi, inadumu, haichomi kadibodi.

Mijusi, sisimizi na vumbi?

Mjusi kafiri huja kwa ajili ya wadudu wanaofuata taa, na kinyesi chake kikikauka juu ya reli kinazuia umeme na kutoboa rangi. Zima taa ya chumba ukitoka. Funika meza kwa shuka la pamba au kanga kuukuu. Usitumie nailoni: inafungia unyevu ndani, na baada ya wiki mbili za masika utafunua ukute ukungu kwenye kila mnazi. Ukungu ukishaingia, ufute kwa brashi kavu, kisha pangusa kwa alkoholi na uachie feni siku nzima.

Vichwa vya treni visilale mezani masika. Viweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika, vile vya ndani ya maboksi ya viatu. Vifuko hivyo vikilowa havishikilii tena unyevu, kwa hiyo vikaushe kwa joto karibu na jiko mara moja kwa mwezi.

Nikihama nyumba?

Kama ulikata sehemu za sentimita 122, fungua bolti mbili za milimita 8 baina ya kila sehemu, chomoa plagi ya waya, kata reli pale penye mwanya. Minazi ndiyo inayovunjika njiani. Isibandikwe: toboa tundu la milimita 1.5 kwenye plaiwudi, acha sentimita mbili za waya chini ya kila shina, na siku ya kuhama uing'oe yote uichomeke kwenye kipande cha boksi jeupe la friji, imesimama, kila mmoja na nafasi yake.